Mji wa Walioingia

Habari ya kufa kwa Komba ilinikuta uani napepeta mbaazi. Kijana wa pikipiki alisimama mlangoni, hata injini hakuizima, akauliza, "Bibi Somoe ni wewe? Unaitwa Nachingwea. Wamesema hawaziki mpaka mtani afike." Nikamuuliza aliyekufa ni nani. Akasema ni mzee mmoja Mngoni, Komba, aliyefanya kazi ya mawe zamani. Niliendelea kupepeta. Ukifika umri wangu, habari ya kifo haikuangushi ungo mkononi. Lakini mbaazi zile nilizipepeta mpaka hazikuwa na cha kupepetwa tena, na mjukuu wangu akaja kuninyang'anya ungo akisema nazichosha. Nikaingia ndani kutafuta kanga za msibani, na huko ndani, nimeinama juu ya sanduku, nikasikia ile sauti ya kugonga ambayo nimeisikia maisha yangu yote. Haikuwa kitu. Ni wasichana wa jirani waliokuwa wakiponda kokoto za kujengea.

Kwa asiyejua, sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Babu zao walikuja na mikuki, wakachoma vijiji vyetu, wakatufukuza mpaka tukajificha mapangoni, na vita ilipokwisha yakabaki masihara. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako mchana kweupe. Anaweza kuja msibani kwako akamtukana marehemu, akaingia kaburini, akalala humo na kukataa kutoka mpaka apewe chake. Wewe ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Neno la mtani haliwekwi moyoni, ndivyo tulivyolelewa, na ni malezi mazuri, kwa sababu yanawafanya watu waliouana waweze kula sahani moja. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo wajukuu zangu. Ila kila ninapowafundisha, ulimi huwa mzito.

Ulikuwa mwaka wa karanga. Wazungu walikuwa wamekuja Nachingwea na matrekta yao kung'oa msitu walime karanga za kulisha Ulaya nzima, na ili karanga zifike pwani ilitakiwa reli, na reli hailazwi juu ya mchanga mtupu. Kokoto zake zilichimbwa kwenye mlima wa jiwe ulio kati ya Nachingwea na Ruangwa, mlima tuliouita Nang'ondo. Nilikuwa nimetoka unyagoni si zamani, nimeolewa na Athumani, na Athumani alikuwa mchimbaji wa mashimo ya baruti, kwa hiyo nami nikawa mtu wa kambi. Tulipanga chumba kwa Binti Ligombe, mjane aliyekuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na baraza. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyokaa baadaye: kitanda cha kamba kilicholegea upande wa Athumani, mtungi pembeni, dirisha la ukubwa wa sahani, na vumbi. Vumbi la jiwe lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo. Lilikaa juu ya maji, juu ya mkeka, kwenye nyusi za mume wangu. Nilikuwa nikimsugua mgongo jioni, na chini ya lile vumbi anatokea mtu mwingine, mweusi, anayecheka.

Ukuta uliotutenga na Binti Ligombe ulikuwa na ufa, na baraza lake ndilo lililokuwa mgahawa wa kambi. Akipika ugali na mbaazi, au kisamvu, na msimu wa ming'oko akichemsha ming'oko tuliyochimba msituni, watu wakakaa, wakala, wakazungumza, nami ndani napata yote. Huko ndiko nilikousikia Mji wa Walioingia. Wazee walikuwa wakisema kwamba wakati wa vita vya Magwangwara, ndivyo walivyowaita Wangoni wa vita, kijiji kizima kilikimbilia pangoni ndani ya Nang'ondo, wake kwa waume, na mbuzi, na mbegu zao vichwani. Magwangwara wakakaa mlangoni miezi. Walipoondoka, watu hawakutoka. Waliogopa, wakaendelea kuingia ndani zaidi, wakichonga jiwe mbele yao, mpaka wakafanya mji.

Kila mlo uliongeza mtaa mmoja. Mtu wa Marambo alisema nyumba za mji ule zina milango ya jiwe inayofunguka kwa kidole. Wa Narung'ombe akasema soko lao halina jua, wanajua kumekucha kwa kusikia nyundo ya kwanza. Watoto wao ni weupe kama mchwa. Chakula chao njugu mawe, si ndizo zinazowafaa. Binti Ligombe alikuwa akichota mboga akasema, bila kucheka, kwamba kule hakuna udongo wa kuzikia, kwa hiyo kila anayekufa huchongewa chumba chake, na ndiyo maana mji haumaliziki, na ndiyo maana hawapumziki. Na kweli mlima ulikuwa ukigonga. Kila alasiri, jua linapoanza kupoa baada ya jiwe kuungua kutwa, ungesikia huko ndani, ko, ko, halafu kimya, halafu ko. Tulisema, "Walioingia wako kazini." Niliupenda mji ule. Nilikuwa nikifagia chumba changu nikijisemea kwamba hata huko yuko mwanamke anafagia vumbi hili hili.

Komba ndiye aliyekuwa mshirika wa Athumani. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili: mmoja ameshika mtaimbo wima juu ya jiwe, mwingine anaupiga kwa nyundo ya mikono miwili. Athumani ndiye mshikaji. Shimo likijaa vumbi, Komba anasimamisha nyundo, Athumani anaingiza mkono na kijiko kirefu cha bati kulikomba, kisha anagonga jiwe kwa kile kijiko, mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Maana yake: mkono wangu umetoka, piga. Nyundo zilikuwa nyingi pale na kelele haikuruhusu mtu kusema. Hebu fikiri, maisha ya mkono wake yalikuwa kwenye ule mlio mdogo wa kijiko, siku nzima, na mtu aliyemwamini kwa hilo ni mtani wake.

Kwa mengine hakumwamini hata chembe, wala hakuna aliyemwamini. Komba alikuwa mrefu, ana pengo la mbele, na alikuwa akija barazani na maneno yake kabla hajafika mwenyewe. "Mke wangu Somoe!" ataita. "Leo umempikia huyu mtumwa panya wa wapi?" Nami ndani nitajibu, "Panya wamekwisha, wameliwa na babu yako aliyekuja na mkuki." Watu wataanguka kwa kicheko. Kuhusu ule mji, Komba alikuwa akisema, "Watoke tu, mimi nimekwishawasamehe. Waambieni Mngoni ana njaa, hana mkuki." Siku moja alikuja analia, machozi kweli yanatiririka, akasema mama yake amefariki Songea. Tukaanza kuchanga unga. Kumbe alikuwa amekata kitunguu. Athumani alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki moja baadaye akaja analia tena, safari hiyo mama yake amefariki kweli, na hakuna aliyeinuka.

Mlima uliporomoka wakati wa adhuhuri, watu wakiwa wamekwenda kula. Baruti ya asubuhi ilikuwa imeacha bamba kubwa la jiwe likiwa limening'inia, na Athumani alirudi chini yake kuchukua kijiko chake alichokisahau. Nilisikia mshindo, nikafikiri ni baruti, nikaendelea kusonga. Kisha nikaona mwiko umesimama wenyewe katikati ya ugali, mkono wangu haupo, nimekwisha kutoka nje. Pale penye chimbo palikuwa na lundo la mawe, kila moja ukubwa wa nyumba. Msimamizi alizunguka akaangalia juu, akasema mlima bado unakuja, mtu yeyote asisogee, na yeyote aliye chini hapo hayupo tena. Akahamisha watu upande wa pili.

Alasiri ile mlima ukaanza kugonga. Watu wote wa kambi walikuwa wamesimama nyuma ya kamba waliyofungiwa, na ikasikika, ko, ko, kimya, ko. Binti Ligombe akanishika bega. "Mwali," akasema, "unasikia? Wamempokea." Nikauhisi moyo wangu ukifunguka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wakaanza kusema, mmoja akimpokea mwenzake, kwamba ameingia, kwamba walihitaji fundi kijana, kwamba sasa wanamwonyesha chumba. Ndipo Komba akaruka ile kamba. Alisimama juu ya mawe akageuka kwetu, mikono juu, akapaza sauti, "Ni yeye! Hicho ni kijiko! Ananiambia nipige! Njooni na mitaimbo, mtu yu hai!"

Watu wakacheka.

Wacha nieleze vizuri, maana vijana nikiwahadithia hapa hukasirika. Hawakucheka kwa ubaya. Mtani alikuwa amesimama penye msiba, anapiga kelele, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mzee mmoja alifuta machozi akasema, "Mngoni huyu, hata leo!" Komba akaanza kulia. Wakacheka zaidi, wakaulizana kitunguu amekitoa wapi. Akapiga magoti kwenye jiwe akasema, "Jamani, sitanii. Naapa kwa mama yangu." Na hilo la mama ndilo lililowamaliza kabisa. Mimi sikucheka, lakini sikumsadiki pia. Nilitaka mji uwepo. Upande mmoja nilipewa mume anayekula njugu mawe kwenye nyumba yenye mlango wa jiwe, upande mwingine nikapewa mume aliyebanwa gizani na kijiko. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Sijilaumu, na anayetaka kunilaumu aje kwanza asimame pale niliposimama.

Komba alichukua mtaimbo akaanza kuchimba peke yake. Tulimwona akipiga, akinyamaza kusikiliza, akipiga. Alichimba mpaka msimamizi akatuma watu wanne wamwondoe, akaondolewa amebebwa juu juu, anarusha miguu, na hata hilo lilionekana la kuchekesha. Mlima uligonga mpaka kesho yake, jua lilipokuwa limepanda, kisha ukanyamaza. Binti Ligombe akasema, "Sasa wanakula."

Baada ya hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kwetu mtu ambaye maiti yake haijaonekana haliliwi. Ukimlilia, wewe ndiye uliyemzika. Wajomba wa Athumani walikuja kutoka Nambambo, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtu. Wakakaa barazani, wakala, wakasikiliza habari za mlima, wakasema, "Mpwa wetu yuko kazini." Mwalimu wa dini wa Narung'ombe alikuwa mtu mwema, akawaambia mtu asiyepatikana anaweza kuswaliwa hivyo hivyo, ila wenyewe wakiri kwanza kuwa amekufa. Wenyewe hawakukiri. Kwa hiyo sikuwa mjane. Sikukaa eda, sikuvaa nguo ya msiba, sikuruhusiwa kurudi kwetu kwa sababu nina mume, na kila mlo niliandaa sahani mbili. Ya Athumani niliifunika kawa na kuiweka dirishani, upande wa mlima. Vumbi liliingia hata chini ya kawa. Kupitia ule ufa nikawa nasikia mji ukiendelea kujengwa barazani kwa watu kula na kuongea. Athumani ameonekana, amenenepa. Athumani amekuwa msimamizi. Siku moja mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda wamempa mke huko, na nikashikwa na wivu, Mungu wangu, wivu wa kweli. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba ningezeeka kwenye chumba kile, nikipika sahani mbili na kumwonea wivu mwanamke wa jiwe.

Komba hakuwa akija tena barazani. Alikuja mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi, watu wamekusanyika kungoja kazi, na wajomba wa Nambambo walikuwepo kwa kuja kunitazama. Alikuwa amejifunga ngozi ya mbuzi kiunoni, ameshika fimbo kama mkuki, uso ameupaka majivu. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye lile lundo la mawe, akapiga fimbo chini, akaita kwa sauti iliyonisimamisha nywele:

"Enyi Walioingia! Ni mimi Mgwangwara! Babu yangu ndiye aliyewaingiza humo, mimi nimekuja kuwatoa! Vita imekwisha! Tokeni mkalime!"

Watu walikuwa bado wanacheka, lakini kidogo kidogo. Akaita mara nyingine, akasema njia ni nyeupe, akasema Athumani aje kuchukua tumbaku yake. Matone ya mvua yalikuwa yakianguka kwenye mawe. Nadhani kila mtu alikuwa anasikiliza, hata waliokuwa wakicheka, kwa sababu kama kuna mtu mmoja duniani ambaye Walioingia wangelazimika kumjibu, ni yeye. Akageuka. "Hawatoki," akasema. "Basi hawamo."

Hakungoja jibu. Alikwenda penye udongo mwekundu nyuma ya nyumba ya Binti Ligombe, akachimba, na watu wakamfuata maana mtani hafuatwi bure. Alichimba kaburi, la kweli, lenye kuelekea kibla ingawa yeye ni Mkristo. Kisha akaingia, akalala chali, akafumba macho. "Sitoki," akasema. "Kaburi hili la mtumwa wangu Athumani, mvivu aliyekufa kwa kufuata kijiko. Nataka jogoo." Wakacheka, wakamtupia madongo, wakamtukana. Hakutoka. Mvua ikazidi, maji yakaanza kumzunguka masikioni. Mwishowe mjomba mkubwa, kwa kuona aibu ya mtu kulala kwenye maji, akatuma jogoo aletwe, akamkabidhi mkononi kama inavyotakiwa, na Komba akatoka.

Jogoo yule alipogusa mkono wake, kicheko kilikatika. Mtani halipwi kaburini kama hakuna aliyekufa. Hilo linajulikana na mtoto mdogo. Mjomba alisimama pale, mikono yake mitupu bado iko mbele, akamtazama Komba, akalitazama shimo, uso wake ukaanza kuporomoka. Binti Ligombe ndiye aliyetoa kilio cha kwanza. Nami nikalia. Nililia mpaka nikakaa kwenye tope, na hakuna aliyenizuia. Mwalimu akaitwa siku ile ile, akaswali, na kaburini ikawekwa kofia ya Athumani.

Eda nilikaa kwenye chumba kile kile, nikipika sahani moja. Ilipokwisha, Komba alikuja kuniaga. Alisimama nje ya mlango, hakuniita mke wangu. "Dada," akasema, "alikuwa akiniambia nipige." Nikamjibu, "Najua." Akatikisa kichwa. "Hujui. Hakuna anayejua ila mimi." Akaenda zake. Hatukuzungumza tena jambo hilo, ingawa kwa miaka mingi tulikutana minadani na misibani, tukatupiana matusi ya kawaida, watu wakafurahi. Karanga za Wazungu zilishindwa. Reli yenyewe iling'olewa baadaye, vyuma vikapelekwa kusikojulikana, lakini kokoto ziliachwa. Ukipita porini leo utaona mstari wa kokoto unakwenda chini ya mikorosho, hauendi popote.

Basi nilikwenda Nachingwea. Walikuwa wameshachimba, jeneza liko juu ya vigoda, padre anangoja, na watu walipaza sauti waliponiona: mtani huyo! Nikafanya kazi yangu. Nilikalia rundo la udongo, nikalishika jembe, nikasema hazikwi mtu hapa mpaka arudishe kuku wote aliotuibia tangu enzi za babu yake. Wakacheka vizuri. Nikasema pengo lake litapitisha siafu. Kisha nikainuka nikalisogelea jeneza ili nimtukane karibu, na mkono wangu ukagonga mbao. Mara mbili, kimya, mara moja.

Nikasikiliza. Mzee mzima mimi, niliinamisha sikio kwenye mbao, nikangoja. "Komba," nikasema, "nakusadiki." Nikaanza kulia, kile kilio ambacho hakikutoka siku ile nyuma ya kamba, nikamwambia yote, kwamba alikuwa mkweli, kwamba tulimwacha peke yake na mtaimbo, na machozi yalikuwa yakidondoka kwenye msalaba wao wa mbao. Na watu wakacheka. Walicheka kwa upendo, wakashikana mabega. Kijana mmoja akasema, "Bibi huyu ndiye mtani wa kweli, tazama anavyolia!" Nikageuka nikawaambia, "Sitanii." Wakaangua kicheko.

Walinipa kuku jike, mwekundu, nikampakata kwenye pikipiki mpaka nyumbani. Sikumchinja. Saa za mchana, joto likiwa kali na kila mtu amelala, huja kudonoa bati la mlango wangu, nami huinuka, hata kama miguu inauma, nikamfungulia. Wajukuu hunicheka kwamba bibi anamfungulia kuku kama mgeni. Acha wacheke.